Mapunye Hayaponi kwa Kupaka

"Musawo, nimpake nini?" Kila muhula unapofunguliwa hapa Kampala, swali ni hilo hilo. Mama anamvua mtoto kofia, naona mabaka ya duara yenye magamba na nywele zilizokatika karibu na ngozi, na swali limeshaulizwa kabla sijavaa glavu. Jibu langu ni moja: usimpake kitu. Mapunye ya kichwani, ebiguuna kwa wengi wetu hapa, hayaponi kwa kupakwa.

Fangasi wa kichwani hawakai juu ya ngozi peke yake. Hushuka hadi kwenye kishimo unamoota unywele na kuuvamia unywele wenyewe. Trichophyton violaceum, mmoja wa wale tunaowakuta sana Afrika Mashariki, huzaliana ndani ya unywele, ndiyo maana unywele hukatika. Krimu haifiki huko. Hufika dawa iliyomezwa, ikapita kwenye damu na kuingia katika unywele unaoota. Krimu iliyokuponya choa cha mkononi ilifaulu kwa sababu pale fangasi walikuwa kwenye tabaka la juu la ngozi. Kupaka kichwani ni kufagia kichuguu huku malkia yumo chini.

Sasa tazameni tunavyowapaka watoto wetu: mafuta ya breki, mafuta ya taa, maji ya betri, kitunguu saumu kilichopondwa na kufungwa kwa kitambaa usiku kucha. Wanasema kikiwasha ndipo kinafanya kazi. Hapana! Kinachowasha ni ngozi ya mtoto inayoungua. Fangasi wako chini yake, salama. Ngozi ikiungua sana huacha kovu, na penye kovu nywele hazioti tena maisha yote. Mafuta ya breki yana kemikali zenye sumu, na mtoto anayejikuna kichwa hulamba vidole vyake.

Lakini kinachonikera zaidi ni kile kitubu cha krimu kutoka duka la dawa, kwa sababu kinaaminiwa. Ndani yake mna dawa ya fangasi, ya bakteria, na steroidi kali kama klobetasoli, vyote pamoja. Siku ya tatu muwasho umetulia, magamba yamepungua, mama anampigia dada yake simu amsifie. Kilichotulia ni kinga ya mwili. Steroidi imeizuia ngozi kupigana, na fangasi wanasambaa bila kizuizi. Krimu ikiisha, mabaka hurudi makubwa kuliko mwanzo, tena yamepoteza umbo lake kiasi kwamba hata mtaalamu hawezi kuyatambua kwa macho. Anayeuza krimu hiyo bila cheti, kwa mtoto ambaye hajamwona, anamdhuru.

Na ninyi wenzangu wa zahanati: mtoto akija na uvimbe laini kichwani, unatoa usaha na nywele zinang'oka zenyewe, wekeni kisu chini. Mara nyingi hilo si jipu. Ni mwili unaopambana vikali na mapunye yale yale. Ukiupasua uvimbe huo unaongeza kovu, na fangasi wanabaki.

Shule zetu huwataka watoto wanyolewe, wavulana kwa wasichana, na mashine moja hupita vichwa vya darasa zima. Kuifuta kwa spiriti upesi upesi hakuui mbegu za fangasi. Toa nywele zote kwenye meno, osha, kisha loweka vitana na sehemu za plastiki kwenye jiki iliyochanganywa na maji. Mzazi mwenye uwezo amnunulie mtoto mashine yake.

Si kila gamba ni mapunye. Mtu mzima mwenye magamba yenye mafuta ana mba: aache kumiminia mafuta kichwani, atumie shampuu ya ketokonazoli, na mba ikizuka ghafla na kwa ukali apime VVU. Nywele za pembeni mwa paji zikipungua, legeza misuko kabla vishimo vya nywele havijafa. Vipele vigumu vya kisogoni kwa wanaume: acheni kunyoa hadi kwenye ngozi.

Sasa dawa ya mapunye. Kwanza tunang'oa nywele chache na kuzitazama kwa darubini. Griseofulvini, inayotumika tangu 1958, ni miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, wiki 6 hadi 8, pamoja na maziwa au mchuzi wa karanga, kwani huingia mwilini vizuri zaidi penye mafuta. Terbinafini hutolewa kwa uzito, kwa kawaida wiki 4, na huwaweza zaidi fangasi wa jamii ya Trichophyton. Vidonge vya ketokonazoli achaneni navyo: mwaka 2013 mamlaka za Ulaya na Marekani zilivibana kwa sababu vinaharibu ini. Shampuu yake ni salama. Mara 2 kwa wiki, dakika 5 kichwani, nyumba nzima: haiponyi, ila hupunguza kuambukizana. Kagueni ndugu wote wa mtoto. Akishaanza dawa, aendelee na shule.

Nywele zikianza kuota wiki ya tatu, msiache dawa. Maliza wiki zote, kisha mrudishe mtoto apimwe tena, kwa sababu nywele mpya si ushahidi kwamba fangasi wameisha.