Fundi wa Katambuga na Mguu Usiohisi

Katika minada ya Shinyanga, na hata miongoni mwa wachimbaji wadogo wa dhahabu mkoani Geita, katambuga zingali viatu vya kazi. Hukatwa kutoka katika matairi chakavu, na ufundi wake kwa kawaida hurithiwa: kijana huketi kando ya baba au mjomba hadi mkono uzoee kisu. Kwa maoni yangu, urithi huo una nafasi katika tiba ya miguu.

Kisukari kisichodhibitiwa huharibu mishipa ya fahamu. Ukoma nao hufanya vivyo hivyo. Mgonjwa hukanyaga msumari asisikie, akaendelea kutembea. Mwaka 2005 Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake walichapisha taarifa za wagonjwa wa kisukari nchini mwetu waliong'atwa na panya miguuni. Kidonda kisichouma hucheleweshwa, maambukizi hufika mfupani, na mara nyingi mguu hukatwa.

Daktari wa upasuaji Paul Brand, aliyezaliwa India mwaka 1914, alionyesha kwamba vidonda vingi vya nyayo za wenye ukoma husababishwa na mgandamizo unaorudiwa mahali pamoja, hatua baada ya hatua. Baba yake, mmisionari, alikuwa pia mjenzi. Brand mwenyewe alijifunza ujenzi kabla ya udaktari. Haishangazi kwamba aliutazama unyayo kwa jicho la fundi: uzito unaangukia wapi? Miongoni mwa majibu yaliyotumika ni ndara yenye sponji ya mpira ndani na soli ngumu chini. Soli hiyo fundi wetu anayo tayari.

Kilichobaki ni kurekebisha. Katambuga ya kawaida ina hatari kubwa moja, nayo ni misumari, ambayo soli ikilika huchomoza ndani. Kwa mguu usiohisi, gundi na uzi vitumike badala yake. Juu ya tairi iwekwe sponji nzito isiyobonyea hadi mwisho inapokanyagwa. Mikanda iwe mipana, yenye bitana laini, inayoweza kulegezwa mguu unapovimba, na mmoja upite nyuma ya kisigino ili vidole visilazimike kung'ang'ania kiatu. Unyayo uchorwe kwenye karatasi mgonjwa akiwa amesimama, kwa kuwa hutanuka unapobeba uzito.

Ndani ya shimo la mgodi katambuga haifai, hata iliyoboreshwa. Huko ni buti za usalama, soksi kavu, na kupapasa ndani ya buti kwa mkono kabla ya kuivaa.

Fundi anayepima miguu huona mengi. Akikuta kidonda, weusi, au uvimbe wenye joto upande mmoja, asiuze kiatu siku hiyo, bali amhimize mteja kwenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama mteja atasisitiza kwamba hasikii maumivu yoyote.