Udongo wa Kupandia Mboga katika Viroba na Ndoo: Kuchagua, Kuandaa na Kupima

Kaya isiyo na shamba karibu na nyumba, iwe Mbulu mjini, Haydom, Dongobesh au Katesh, inaweza kujipatia sukuma wiki, mnavu, figiri na nyanya kwa kupanda katika viroba, ndoo na vyungu. Mafanikio ya kilimo hiki hutegemea kwanza udongo unaowekwa chomboni. Mmea wa shambani hupeleka mizizi mbali na sehemu yenye kasoro, lakini mmea wa kwenye ndoo hauna nafasi hiyo. Chumvi, samadi mbichi au mabaki ya kiuagugu yakiingia chomboni, mizizi yote huathirika. Kwa sababu hiyo, mtumiaji anashauriwa kukipima kila kiungo kabla ya kukilipia kwa wingi, na kabla ya kukichanganya.

Mchanganyiko wa msingi

Kipimo kinachofaa mboga nyingi ni sehemu mbili za udongo wa juu wenye rutuba, sehemu moja ya mboji iliyoiva na sehemu moja ya kiungo cha kupitisha hewa. Kiroba cha lita 40 huhitaji takriban madebe mawili ya lita 20. Kwa viroba kumi, andaa madebe kumi ya udongo, matano ya mboji na matano ya kiungo cha kupitisha hewa.

Udongo wa juu usichukuliwe katika shamba lililokuwa na viazi mviringo au nyanya zilizonyauka, kwa kuwa vimelea vya mnyauko na minyoo fundo huhamia chomboni pamoja nao. Wilayani Hanang, usitumie udongo wenye utando mweupe wa chumvi kutoka kandokando ya Ziwa Balangida. Aidha, tope lililopita katika makazi, vyoo na maduka, kama lile lililoshuka Katesh katika maporomoko ya Desemba 3, 2023, lisitumike kwa mboga.

Kiungo cha kupitisha hewa kinaweza kuwa mchanga wa mto wenye chembe kubwa uliooshwa, mawe mepesi ya volkano yaliyopondwa panapopatikana, au maganda ya mpunga yaliyochomwa hadi kuwa meusi bila kufikia majivu. Maganda hayo hupatikana kwenye mashine za kukoboa mpunga, kwa mfano Magugu, wilayani Babati. Mchanga laini haufai, kwa kuwa huziba nafasi za hewa badala ya kuziongeza.

Wengi huweka tabaka la kokoto chini ya ndoo wakiamini kuwa maji yatatoka haraka. Matokeo huwa kinyume: maji husimama katika udongo ulio juu ya kokoto, na mizizi hubaki na nafasi ndogo zaidi yenye hewa. Toboa matundu ya kutosha chini ya chombo, kisha ujaze mchanganyiko uleule kutoka chini hadi juu. Kamwe usitumie chombo kilichowahi kuwekwa viuatilifu, hata kama kimeoshwa mara nyingi.

Samadi na mboji

Wakulima wa Kiiraqw wa nyanda za juu za Mbulu wamekuwa wakifuga ng'ombe nyumbani na kupeleka samadi mashambani kwa vizazi vingi, hivyo samadi si kitu kigeni kwa wakazi wa eneo hili. Hata hivyo, kiasi ambacho shamba hukihimili kinaweza kuunguza mizizi ndani ya ndoo. Samadi mbichi hutoa joto na amonia, na inaweza kubeba vijidudu vya kuhara vinavyofika kwenye mboga zinazoliwa bila kupikwa.

Ili kuiivisha, tengeneza lundo lenye upana, urefu na kimo kisichopungua mita moja. Panga tabaka za vitu vikavu, kama mabua ya mahindi na mashina ya mbaazi yaliyokatwakatwa, na tabaka za samadi na majani mabichi. Vitu vikavu viwe mara mbili ya vibichi kwa ujazo. Unyevu unatosha ikiwa konzi moja ikikamuliwa hutoa tone moja au mawili tu. Lundo linapaswa kufikia nyuzi joto 55 za Selsiasi kwa siku kadhaa ili mbegu za magugu na vimelea vingi vife. Asiye na kipimajoto achomeke fimbo ya chuma katikati ya lundo kwa dakika kumi. Ikitoka ya moto kiasi cha kutoshikika, joto linatosha. Pindua lundo ili sehemu za nje nazo zipate joto. Katika baridi ya Juni na Julai, kazi hii huchukua muda mrefu kuliko miezi ya joto.

Mabaki ya vitunguu saumu yenye ukungu yasiingizwe katika lundo. Maranda ya mbao yasitumike yakiwa mabichi, kwa kuwa yanapooza huchukua naitrojeni ambayo mmea unaihitaji. Na yale ya nguzo au mbao zilizotiwa dawa yasitumike kabisa. Majivu yasizidi konzi moja kwa debe.

Anayetaka kuongeza fosforasi anaweza kutumia unga wa fosfeti ya mwamba kutoka Minjingu, wilayani Babati, mkoani humu. Unga huo huyeyuka vizuri zaidi katika udongo wenye tindikali, hivyo usiuweke pamoja na majivu. Zipo pia mbolea za Minjingu zilizoongezwa virutubisho vingine. Soma lebo ili ujue unachonunua.

Tahadhari ya viuagugu

Hanang ni wilaya ya ngano. Mashamba makubwa ya tambarare za Basotu yaliendelezwa kwa msaada wa Kanada katika miaka ya 1970, na mabua ya ngano hutumika kama chakula na malalo ya mifugo. Baadhi ya viuagugu vya majani mapana, hasa vyenye aminopiralidi, klopiralidi au pikloramu, havidhuru ngano wala nyasi, na vinaweza kubaki katika mabua, kupita tumboni mwa ng'ombe na kuendelea kuwepo katika samadi hata baada ya kuozeshwa. Nyanya, maharage na viazi huathirika hata kwa kiasi kidogo sana: majani hujikunja kama kikombe na ncha hupinda. Nchini Uingereza, mwaka 2008, matumizi ya viuagugu vyenye aminopiralidi yalisitishwa kwa muda baada ya wakulima wa bustani kupata madhara kutokana na samadi.

Kwa macho au kwa harufu, kasoro hii haionekani. Mharage ndio kipimo cha bei nafuu. Chukua makopo sita. Katika matatu, weka mboji unayoishuku na udongo safi kwa vipimo sawa. Katika matatu mengine, weka udongo safi pekee. Panda maharage matatu katika kila kopo na uyamwagilie sawasawa kwa wiki tatu. Miche ya makopo ya mboji ikijikunja ilhali mingine imenyooka, usiitumie mboji hiyo. Ikiwa haioti kabisa au ncha za majani zinaungua, inawezekana mboji haijaiva au ina chumvi nyingi.

Wakati wa kununua

Kwa samadi isiyofungashwa, mwulize muuzaji mambo matatu: mifugo ilikula na kulalia nini, samadi imekaa muda gani, na ilihifadhiwa chini ya paa au ilinyeshewa. Mboji iliyoiva ni nyeusi, ina harufu ya udongo baada ya mvua, na haina joto mkono ukiingizwa ndani. Nunua debe moja kwanza, lipime kwa maharage, kisha ununue kiasi unachohitaji.

Mbolea inayouzwa katika mfuko wenye jina la kibiashara inapaswa kuwa imesajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA), kwa mujibu wa Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009. Angalia jina la mtengenezaji, uzito na viwango vya virutubisho. Neno "asilia" lililoandikwa kwenye mfuko si uthibitisho wa ubora.

Dai risiti na uitunze pamoja na mfuko. Mimea ikidhurika, usitupe mchanganyiko uliobaki: weka kiasi chake mahali pakavu, piga picha za majani, kisha toa taarifa kwa afisa ugani wa kata yako au kwa Mamlaka. Bila sampuli na risiti, ni vigumu kuthibitisha kuwa hasara ilitokana na bidhaa uliyouziwa.