Nani aonyeshwe daftari la kahawa?

Mkulima wa Buraza, mkoani Gitega, au wa vilima vya Muyinga anapopeleka matunda ya kahawa kwenye kituo cha kuoshea, bei yake kwa faranga imeshatangazwa na serikali. Mwenye kituo atalipa bei hiyo, aoshe, aanike na kupeleka kinuni, kisha asubiri miezi kadhaa kabla ya kuuza kwa dola, kwa bei inayofuata soko la New York. Hasara hujificha kati ya bei hizo mbili.

Tupige hesabu. Kontena la futi 20 hubeba magunia 320 ya kilo 60, sawa na tani 19.2. Bei ikishuka senti 10 tu kwa ratili, kontena hilo linapungua thamani kwa zaidi ya dola 4,200. Februari 2025 arabika ilipita dola 4 kwa ratili, rekodi mpya. Julai mwaka huo ilikuwa chini ya dola 3. Kwa kontena moja, tofauti hiyo inapita dola 42,000. Faranga nayo ina visa vyake: Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi ilishusha thamani yake, na dola iliyokuwa karibu faranga 2,090 ikapanda hadi zaidi ya 2,800.

Kampuni kubwa za biashara ya mazao zina programu za kufuatilia mambo haya. Kila ununuzi, mauzo, mkopo na mzigo ulio njiani huingizwa humo, na jioni mwenye mali anajua ana tani ngapi ambazo hazijapata bei, na atapoteza kiasi gani soko likianguka. Zamani ilibidi kununua mitambo na kuajiri mafundi. Siku hizi programu hukodishwa kwa mwezi kupitia intaneti, na taarifa hukaa kwenye kompyuta za mbali, kwenye kile kinachoitwa wingu. Kwa nadharia, chama cha ushirika cha Gitega kinaweza kutumia chombo kilekile kinachotumiwa na wafanyabiashara wakubwa wa Geneva. Kwa vitendo, daftari, Excel na WhatsApp bado ndizo zinazotumika zaidi.

Ni rahisi kuuita msimamo huu wa kubaki na daftari ushamba, lakini una sababu. Ada ya programu hulipwa kwa dola, katika nchi ambayo dola ni za kutafutwa kwa tochi. Burundi haina bahari, na intaneti yake hupitia kwa majirani. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, mtandao uliyumba Afrika Mashariki. Hata wakubwa huumia: mwisho wa Januari 2023 wadukuzi waliishambulia ION, kampuni inayotoa programu za masoko ya fedha, na baadhi ya madalali wakarudi kufanya hesabu kwa mkono.

Sababu nzito zaidi, hata hivyo, ni siri. Anayejua ghala lako anajua pia shida yako. Mnunuzi akifahamu kuwa una makontena matano hayajauzwa na mkopo wa benki unakaribia kuiva, atakaa kimya mpaka ushushe bei mwenyewe. Isitoshe, wafanyabiashara wa kahawa wameona taasisi za kusimamia zao hilo zikipokezana, OCIBU, kisha ARFIC ya 2009, kisha ODECA, na kila moja ikaja na taratibu zake. Aliyepitia hayo haoni haraka ya kumkabidhi mgeni vitabu vyake.

Lakini siri hiyo sasa inatobolewa kwa mlango mwingine. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 dhidi ya ukataji misitu inataka kila mzigo wa kahawa uonyeshe shamba ulikotoka, kwa vipimo vya ramani. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, ila wanunuzi wana sababu ya kujiandaa mapema, na mnunuzi mwenye mtaji anaweza kumletea muuzaji mfumo wake bila malipo. Hapo ndipo pa kuangalia. Ushirika uliokataa kulipia vitabu vyake wenyewe unaweza kujikuta unaandika mashamba, kilo na ghala lake katika mfumo wa mnunuzi. Yeye atauona mzigo wao wote, wao hawataiona hata bei aliyouzia.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni wingu la nani. Mkataba useme wazi kuwa taarifa ni mali ya ushirika, nani anaruhusiwa kuziona, na kwamba nakala itapakuliwa wakati wowote na kubaki Gitega au Muyinga. Programu ikubali kuingiziwa kazi hata mtandao ukikatika. Na kabla ya kulipa senti, mhasibu azoee kuandika kila jioni kilo zilizonunuliwa, zilizopata bei na ambazo hazijapata.

Programu peke yake haimkingi mtu, kama kipimajoto kisivyoshusha homa. Kinga ni kufunga bei na mnunuzi mapema kwa sehemu ya mzigo, au kupitia dalali wa soko la New York. Na asiyejua ana kilo ngapi ambazo hazijapata bei hawezi kujua afunge bei ya ngapi. Benki zinazokopesha msimu wa kahawa zingeweza kuanza kwa kudai hesabu hiyo ya jioni kabla ya kutoa mkopo.