CHAMA NA WAKALA WA KUKUSANYA MADENI

Miongoni mwa maswali yanayofikishwa mara kwa mara mbele ya bodi za vyama vya msingi ni hili: chama kilichoshindwa kulipwa fedha zake, je, kimpe kazi hiyo wakala wa kukusanya madeni? Wakala hufika na barua yenye mhuri mkubwa, huahidi kwamba hatachukua kitu mpaka deni lipatikane, kisha huomba orodha ya wadaiwa. Wenye maduka na vyama vidogo wamekwisha kuijaribu njia hiyo. Wako waliorudishiwa fedha zao, na wako waliopoteza fedha pamoja na wateja. Tofauti kati yao aghalabu haikutokana na ukali wa wakala. Ilitokana na aina ya mdaiwa, na karatasi zilizokuwamo ndani ya jalada.

Mkulima wa pamba wa Kishapu aliyekopeshwa mbegu na dawa za kuulia wadudu hahami. Shamba lake linajulikana, nyumba yake inajulikana, na tangu mwaka 2018, Serikali ilipoagiza pamba iuzwe kupitia vyama vya msingi, mzani wa chama ndio anaoufikia msimu unapofunguliwa. Ikiwa alitia sahihi siku ya kukopa, akikubali deni likatwe katika malipo yake, chama hakina haja ya kumtafuta. Kumpelekea mkulima wa namna hiyo wakala mwezi wa Februari, wakati ghala ni tupu na pamba ingali shambani, ni kununua kwa fedha jambo ambalo mzani ungelifanya bure miezi michache baadaye.

Katika ukanda wa dhahabu mambo ni mengine. Mwenye duara wa Rwamgasa au Nyarugusu hukopa matimba, dizeli na unga wa kuwalisha vijana wake, akitarajia kulipa mawe yakishasagwa kwenye karasha. Duara likikosa dhahabu, au ikisikika habari ya machimbo mapya, yeye na vijana wake huondoka usiku mmoja. Aliyemkopesha hubaki na jina la utani na namba ya simu isiyopokelewa. Yupo pia mdaiwa wa aina ya tatu, naye ni kampuni iliyopewa kazi na mgodi mkubwa, ambayo hununua chakula, mbao au huduma ya usafiri kwa mkopo wa siku 30 au 60, kisha mkataba wake ukiisha hufunga ofisi ya Geita na kurudi mji ilikotoka. Kwa wadaiwa hawa wawili wakala aliye mbali aweza kuwa na maana, kwa kuwa nauli na siku za kuwafuata zaweza kuzidi deni lenyewe.

Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu. Chama kinadai jumla ya shilingi 6,000,000, nacho kinakubaliana na wakala ujira wa asilimia 20 ya kila kitakacholipwa, pamoja na ada ya kufungua jalada ya shilingi 200,000. Baada ya msimu zimelipwa shilingi 3,500,000. Bodi inafurahi. Lakini katika fedha hizo shilingi 2,500,000 zimetoka kwa wakulima wa pamba ambao wangelipa mzanini kwa vyovyote. Zilizotafutwa kweli ni shilingi 1,000,000 za wachimbaji wawili waliohama. Ujira wa wakala ni shilingi 700,000, na ada yake ni shilingi 200,000. Faida ya kazi yote ni shilingi 100,000, kabla ya kuhesabu mwanachama aliyekasirika akapeleka pamba yake kwingine. Kwa hiyo orodha nzima isikabidhiwe. Yakabidhiwe yale madeni ambayo chama kimeyafuata chenyewe kikashindwa, na mkataba uyataje moja moja.

Ushirika wenyewe umewahi kukaa upande wa pili wa meza hii. Mwaka 1991 iliundwa kwa sheria LART, taasisi ya kukusanya madeni mabaya ya Benki ya Taifa ya Biashara na ya Benki ya Ushirika na Maendeleo Vijijini, na vyama vikuu vya ushirika vilikuwa miongoni mwa wadaiwa wa mabenki hayo. Taasisi hiyo ilipewa hata baraza lake la kusikiliza mashauri. Pamoja na nguvu zote hizo, sehemu kubwa ya madeni hayo haikurudi. Wakala wa mjini mwenye pikipiki na mhuri hana hata robo ya mamlaka hayo.

Jambo hili la mamlaka halieleweki vema vijijini. Wakala wa madeni ni mtu aliyetumwa kudai, basi. Aweza kupiga simu, kuandika barua, kumtembelea mdaiwa na kupanga naye namna ya kulipa. Hawezi kuchukua baiskeli, ng'ombe wala mashine ya mtu. Mali hukamatwa kwa amri ya mahakama baada ya hukumu, na anayeitekeleza ni dalali wa mahakama aliyeteuliwa kwa mujibu wa kanuni. Kadhalika deni si wizi. Sungusungu, jeshi la jadi lililoanzia pande za Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kupambana na wezi wa mifugo, halikuundwa kwa ajili ya leja za maduka, na chama kinacholitumia kumtisha mdaiwa kinajitafutia kesi. Anachokitenda wakala katika kazi aliyotumwa chaweza kuhesabiwa kuwa kimetendwa na aliyemtuma. Tena majina, simu na hesabu za watu si mali ya kugawa ovyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavihusu pia vyama. Kuyabandika majina ya wadaiwa sokoni, au kuyasambaza kwa simu, si ukusanyaji wa madeni.

Mdaiwa akiwa mwanachama, iko njia iliyowekwa. Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 na kanuni zake, mgogoro wa chama na mwanachama wake hutafutiwa suluhu kwanza ndani, kisha hupelekwa kwa Mrajis. Mdaiwa asiye mwanachama aweza kushtakiwa katika Mahakama ya Mwanzo ikiwa deni halizidi shilingi milioni 30. Muda nao una mwisho. Dai linalotokana na mkataba hufa baada ya miaka sita, isipokuwa mdaiwa amelikiri kwa maandishi kabla ya muda huo kwisha, na hapo miaka huanza kuhesabiwa upya. Hati ya kukiri deni yenye sahihi na mashahidi wawili, iliyoandikwa wakati mdaiwa angali jirani, huwa na thamani kuliko safari kumi za wakala.

Hapo ndipo makatibu wengi huaibika. Wakala huomba hati ya mkopo, nayo haipo. Huomba ankara iliyopokelewa na kampuni, naye huonyeshwa daftari la shule lenye majina ya kwanza tu. Kwa upande wa kampuni za migodini, katibu adai siku ileile ya kupeleka mali hati ya kuagiza na hati ya kupokelea yenye jina, cheo na mhuri. Mpishi wa kambi aliyesema "leteni tu" hatakuwapo siku ya shauri.

Bodi ikiisha kuamua kumtumia wakala, mkataba uandikwe na useme wazi kwamba mdaiwa atalipa moja kwa moja kwenye akaunti ya chama, na kwamba ujira wa wakala utalipwa na chama baada ya fedha kuingia. Wakala asipewe kitabu cha stakabadhi za chama, wala hati halisi, nakala zamtosha. Asisamehe sehemu ya deni bila barua ya bodi. Wadaiwa waandikiwe barua kuwajulisha ni nani aliyetumwa, na waandikiwe tena siku mkataba wake utakapokwisha, maana wako wanaoendelea kukusanya baada ya kuachishwa kazi, na mwananchi aliyelipa kwa mtu wa namna hiyo huja ofisini na karatasi yake akiamini hadaiwi.