Nchi ya Madimba na Riziki za Watu Wake

Msafiri atokaye mjini Mtwara kwa njia ya Msimbati hupita Madimba, nchi ya mchanga, mikorosho na minazi. Mashariki yake ni Ghuba ya Mnazi. Kusini ni mto Ruvuma, nao ukikaribia bahari hupotea katika misitu ya mikoko. Ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Wenyeji walio wengi ni Wamakonde, na pamoja nao wamo Wamaraba wa pwani, Wamakua na Wayao. Wengi wana jamaa ng'ambo, maana mpaka ule waliuweka Wazungu. Hata pembe ya Kionga, iliyo kusini ya mto, Wajerumani waliishika mwaka 1894, na Wareno wakaitwaa mwaka 1916. Bendera zikabadilika, wala jamaa hawakuacha kuzikana.

Ukimwuliza mtu wa huku, "Kazi yako nini?" huenda akajibu, "Mimi mvuvi." Usifanye haraka kuandika, maana amekujibu habari za mwezi huu tu. Mvua zinyeshapo, tangu Desemba hata Aprili, mtu yule yule yuko shambani kwa mihogo, mtama na kunde, au katika mpunga wa bonde la Ruvuma. Oktoba hata Desemba yuko chini ya mikorosho. Na siku za bamvua, mwezi uandamapo au uwapo mpevu, maji hukupwa mbali, na wanawake hushuka miambani kuchokoa pweza na kuokota chaza. Siku za maji mafu hurudi kwenye jembe.

Faida ya desturi hii ilionekana korosho zilipoanguka. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi. Msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na miti yao, bei ilikuwa ndogo, na ubwiriunga ukaharibu maua. Aliyekuwa na mikorosho peke yake alipata taabu kuu; mwenye mtumbwi na shamba la mihogo alikula.

Kwa hiyo mwamba ukivunjwa kwa baruti, si samaki wa siku moja tu waliopotea, bali akiba ya nyumba katika mwaka mbaya. Hifadhi ya Bahari iliwekwa hapa mwaka 2000, kilomita za mraba 650, bahari na nchi kavu pamoja, ili kulinda matumbawe na mikoko. Nionavyo mimi, ni jambo jema, ila anayekatazwa nyavu za macho madogo aulizwe kwanza atakula nini wiki ile.

Habari za gesi wengi mmezisikia. Ilionekana Ghuba ya Mnazi mwaka 1982. Mwaka 2013 kulikuwa na ghasia Mtwara kwa ajili ya bomba la kuipeleka Dar es Salaam. Na mwaka 2015 mtambo wa kuisafisha ulianza kazi papa hapa Madimba.

Lakini liko jambo ambalo wageni hawalioni, nalo ni ming'oko. Ni viazi vya mwituni, vyembamba, ambavyo hakuna aliyevipanda. Wakati wa kiangazi, ghala zipunguapo, wanawake hufuata mtambaa wake vichakani na kuchimba. Huchemshwa, huliwa kwa chumvi au kwa chai, na mjini Mtwara huuzwa njiani.