Mwalimu wa Sayansi na Nyenzo Zake

Itumba ni mji mdogo, makao makuu ya Wilaya ya Ileje, kusini-magharibi mwa Tanzania. Ileje ni nchi ya milima na mabonde, na wenyeji wake wengi ni Wandali. Kusini yake mto Songwe ndio mpaka wa Tanzania na Malawi.

Mwalimu wa sayansi katika mji kama huu aghalabu ana vyombo vichache. Mizani haitoshi, mirija ya kioo ni haba, na hadubini, ikiwapo, hutazamwa kwa zamu. Uhaba huo ni hasara kweli, kwa maana viumbe vidogo sana havionekani kwa macho matupu. Lakini sayansi haikuanza kwa vyombo. Ilianza kwa watu kutazama, kuuliza na kujaribu. Na mambo ya kutazamwa yamejaa pande zote.

Mto Songwe wenyewe ni somo. Mlimani maji hushuka kwa kasi na kuchukua udongo. Yafikapo nchi tambarare karibu na Ziwa Nyasa, kasi hupungua na udongo hutuama. Penye pindo la mto, maji hula ukingo wa nje, na mchanga hujilundika upande wa ndani. Kwa sababu hiyo mto huhama njia yake, hasa wakati wa mafuriko. Mwalimu aweza kuyaonyesha hayo yote kwa lundo la mchanga na ndoo ya maji. Ndipo mwanafunzi atakapofahamu kwamba apandaye miti ukingoni hafanyi kazi bure.

Tena, katika Wilaya ya Mbozi iliyo jirani, kipo Kimondo cha Mbozi kilichoanguka kutoka angani. Uzito wake wapita tani 10, nacho karibu chote ni chuma, pamoja na nikeli kidogo. Aliyejifunza habari za sumaku aweza kueleza kwa nini hushika pale, wala haishiki katika mawe mengi ya mlimani.

Jinsi kazi hii ifanywavyo penye uhaba yaonekana katika habari za Peter Tabichi wa nchi jirani ya Kenya. Yeye ni mtawa wa Shirika la Mtakatifu Fransisko. Alifundisha hisabati na fizikia katika Shule ya Sekondari ya Keriko, kijiji cha Pwani, karibu na Njoro. Ijapokuwa jina lake ni Pwani, kijiji hicho kiko bara, katika Bonde la Ufa, na ukame huwapata watu wake mara kwa mara.

Shule ilikuwa na kompyuta moja tu, na kwa kila mwalimu mmoja palikuwa na wanafunzi 58. Karibu theluthi yao walikuwa yatima au wenye mzazi mmoja. Tabichi alitoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwasaidia maskini. Mwisho wa juma yeye na wenzake waliwafundisha wanafunzi waliokuwa nyuma, hata majumbani mwao. Aliwafundisha pia wanakijiji kupanda mazao yastahimiliyo ukame.

Chini ya uongozi wake chama cha sayansi kilikua. Wanafunzi walitengeneza umeme kwa mimea ya hapo kwao, wakapewa tuzo na Royal Society of Chemistry ya Uingereza. Wengine walibuni chombo cha kuwawezesha vipofu na viziwi kupima vitu. Mwaka 2017 wanafunzi 16 kati ya 59 waliendelea na masomo ya vyuo. Mwaka 2018 walikuwa 26. Mwezi wa Machi 2019, huko Dubai, Tabichi alipewa Global Teacher Prize, yaani tuzo ya mwalimu bora duniani, pamoja na dola milioni 1 za Marekani.

Wazee husema: Mti hauendi ila kwa nyenzo. Kompyuta na hadubini ni nyenzo njema, na kila shule yazihitaji. Lakini kabla hazijafika, gogo laweza kuanza kusogea, iwapo mwalimu hulipokea swali la mtoto na kusema, "Haya, na tujaribu."