Kabati na Ukuta Usionyooka

Katika nyumba moja ya ghorofa mbili, mtaa wa Malindi, Unguja, vimo vyumba viwili vya kulala vilivyopakana, na katika kila chumba limejengwa kabati la nguo linalotoka ukuta hadi ukuta: moja limeletwa na kampuni, vipande vyake vikiwa vimekwisha kukatwa kwa mashine, likasimamishwa siku hiyo hiyo, la pili limetengenezwa na seremala wa mtaa wa jirani, ambaye aliingia na kutoka humo kwa muda uliomchosha kila aliyekuwamo nyumbani. La kampuni ni zuri, jeupe, milango yake huteleza bila ya kishindo. Lakini nilipotazama ubavu wake, pale linapokutana na ukuta, niliona mwanya ambao juu huingia vidole viwili na chini hauingii hata karatasi, nao umezibwa kwa silikoni iliyokwisha kuanza kubanduka. Nikahamia chumba cha pili kutazama mahali kama hapo, nisione mwanya wowote. Ubao na ukuta vimeshikana kutoka sakafuni hadi kwenye boriti, ilhali ukuta ule ndio ule ule unaovitenga vyumba viwili.

Jambo hilo ndilo lililonipeleka kwa fundi. Habari za nani ana bei nafuu na nani hukawia, wasomaji wanazijua kwa kuonja. Mimi nilitaka kujua ubao ulionyooka umewezaje kukubaliana na ukuta usionyooka.

Ni mtu mzima, mpole wa maneno, na aliomba jina lake lisitajwe. "Ukuta huu, mwanangu," alisema, "umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukapigwa lipu kwa mkono, ukapakwa chokaa juu ya chokaa tangu enzi za mababu. Teremsha timazi utaona: hapa una tumbo, pale una kiuno. Sasa aliyekuja na utepe akapima upana mara moja, kisha akaenda zake kukata mbao, amepima ukuta upi?"

Akanionyesha namna afanyavyo. Kwanza huchukua ubao mwembamba utakaofunika nafasi baina ya kabati na ukuta, akausimamisha wima kwa kuufuatisha uzi wa timazi, si kwa kuufuatisha ukuta, akaubana usitikisike. Ndipo hutafuta pengo lilipo pana kuliko kwengine kote, akakata kibao kidogo cha upana huo huo. Bikari anayo, iliyokuwa ya baba yake, walakini hupendelea kibao kwa kuwa hakifunguki mkononi. Kibao hicho hukigusisha ukutani, penseli ikiwa imekaa upande wake wa pili, akateremka nacho kutoka juu mpaka chini pasina kukiinua, na kila tumbo, kila bonde, kila mahali ambapo mpiga lipu wa zamani alipunguza mkono, hujiandika juu ya ubao kwa mstari mmoja. Hukata kwa kuufuata mstari, msumeno akiulaza kidogo ili ukingo wa mbele ubaki umetokeza kuliko wa nyuma, kwani ni wa mbele peke yake unaotakiwa kugusa.

Wala hapo kazi haijesha. Huusogeza ubao ukutani, akautoa, akaupeleka dirishani penye mwangaza. Pale ulipogusa umeshika weupe wa chokaa, na weupe ule ndio anaoupitishia tupa, kidogo kidogo, akarudi kuusogeza tena na kuutoa tena. "Mara ya kwanza utaona nukta mbili tatu za chokaa. Baadaye zinaongezeka. Weupe ukienea ukingo mzima, basi, umefika, usiuguse tena." Niliipitisha kucha yangu kwenye kiungo hicho tangu mabegani mpaka magotini, nisipate pahala pa kuitia.

Kuna na jambo jengine ambalo macho hayalioni. Kabati la kampuni limekazwa ukutani kwa skrubu, na ukuta wa chokaa, uliozoea kushikilia mizigo kwa unene wake, haushiki skrubu kama ushikavyo ukuta wa zege. Mbili kati yake zimekwisha kulegea. La fundi limesimama juu ya kitako chake lenyewe, likasawazishwa kwa kabari na pima maji, na nyuma yake ameacha nafasi ya hewa, kwa sababu mawe haya hupandisha unyevu kutoka ardhini, na masika yakiingia nguo zilizobanwa ukutani huota ukungu. Mbao za MDF, ambazo ni nyuzi za miti zilizogandamizwa kwa gundi, zikinywa maji ukingoni hufura, na zikifura hazirudi. Yeye alitumia mninga.

Insafu yataka niseme na upande wa pili. Kampuni ilitoa mchoro, ikaandika mkataba, ikataja siku na kuitimiza, ikaacha karatasi ya dhamana. Fundi alichukua arbuni na fedha za mbao, akaahidi wiki, zikapita nyingi, na simu yake mara nyengine haikupokewa. Mlango mmoja ulipinda baada ya miezi michache kwa kuwa mninga ule haukuwa umekauka vya kutosha. Hakukana: "Nilimwamini muuza mbao, na mimi mwenyewe nilikuwa na haraka. Nikarudi, nikautengeneza mwengine kwa mfuko wangu." Dhamana yake ni kwamba anaishi hatua chache kutoka hapo na kila mtu anamjua, nayo ni dhamana, lakini haifiki kortini.

Tena yeye mwenyewe husema kwamba katika nyumba mpya za Fumba, au majumba ya zege ya Michenzani, ambako kuta zimesimama wima, hamlaumu mtu anayeita kampuni.

Nilimwuliza ule ubao wa ubavuni alilipwa kiasi gani. Akasema haukuwamo katika hesabu. Ufundi hukubaliwa kwa kabati zima, na hajapata kuona mteja anayeuliza habari za ukingo. Kijana aliyefunzwa naye kazi hiyo sasa ameajiriwa na kampuni, kufunga makabati kama lile la chumba cha kwanza. Kuuchora ukuta kwa kibao anakujua vyema, lakini hupewa siku moja kwa kila kabati, na ubao mmoja wa namna hii wataka nusu yake. Je, kampuni ikimwongezea nusu siku, gharama itamwangukia nani? Na seremala, akianza kuitoza kazi hiyo kwa thamani yake, atabaki na wateja? Niliyauliza haya pande zote mbili, nisipate jawabu ninaloweza kuliandika.

Mwenye nyumba anacho chumba cha tatu, cha binti yake anayeolewa mwaka huu. Amekwisha kupokea mchoro wa kampuni pamoja na bei yake, na amekwisha kumwita fundi akapime, na mpaka naandika haya hajaamua.